Kimfuko cha kitenge

Wifi yangu anasema nilipiga kelele. Mimi nakumbuka nilisimama tu katikati ya njia, nikajipapasa kiunoni, nikajipapasa tena, kama mtu aliyeingiliwa na siafu ndani ya nguo.

Ilikuwa saa moja asubuhi, mwishoni mwa Septemba 2018, na giza bado. Kaskazini mwa Hispania mwezi huo jua huchomoza karibu na saa mbili. Tulikuwa tumetoka Carrión de los Condes saa kumi na moja na nusu, na mbele yetu kulikuwa na kile kipande ambacho kila anayetembea Njia ya Mtakatifu Yakobo, ile njia ya hija ya miguu, hukisikia kabla hajakifikia: kilomita 17 hadi Calzadilla de la Cueza, barabara imenyooka kama rula, mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa kushoto na kulia, kijiji hakuna hata kimoja. Tulishatembea kama kilomita sita. Kwa jumla tulikuwa tumemaliza karibu nusu ya kilomita 780 za kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa hadi Santiago.

Na kimfuko changu cha fedha hakikuwepo.

Kimfuko chenyewe alinishonea fundi cherehani wa pale mtaani kwetu Tanga, kwa kipande cha kitenge kilichobaki, kina zipu na kamba ya kufunga kiunoni chini ya blauzi. Nilimweleza ninachotaka, akacheka: "Mama, hiki si kibindo tu hiki?" Kweli ni kibindo. Babu alifutika zake kwenye msuli, bibi alifunga zake kwenye pindo la kanga akazifungua kwa meno pale sokoni Ngamiani, na mimi msomi nikalipia ushonaji.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, nasema bila aibu. Fedha za siku, yuro 20 au 30, mfukoni mwa suruali, ili nikilipa kahawa nisifunue tumbo mbele za watu. Noti nyingine na kadi ya kwanza kwenye kimfuko. Akiba ya yuro 200 pamoja na kadi ya pili, ya benki nyingine, ndani ya kopo tupu la Vaseline chini kabisa ya begi. Nani ataiba Vaseline ya mtu? Noti ilibidi niwe nazo, maana mabweni mengi ya mahujaji hayataki kadi, na mengine yana kisanduku tu mlangoni unachotumbukiza ulichojaliwa. ATM ziko kwenye miji mikubwa, na mashine nyingi za kule hukukata ada kila unapotoa, kwa hiyo unatoa nyingi kwa mara moja. Ikikuuliza kama ikukate kwa shilingi za kwenu au kwa yuro, chagua yuro. Kiwango chao cha kubadilisha ni wizi wa mchana.

Sasa sikia nilivyouvunja mpango wangu mwenyewe. Usiku ule tulilala kwa masista. Kabla ya jioni nilimwaga kila kitu kitandani nihesabu: za kimfukoni, za kwenye kopo, kadi zote mbili. Nikiwa katikati ya kuhesabu, sista akapita na gitaa anatuita, kule mahujaji hukaa pamoja wakaimba, kila mtu wimbo wa kwao. Nikasukuma vyote ndani ya kimfuko, nikafunga zipu, nikaenda kuimba. Tuliporudi, foleni ya bafuni ilikuwa imekwisha. Nikaingia na kimfuko ndani ya mfuko wa plastiki, kama nilivyojifundisha, maana mwenye akili haachi fedha kitandani akaenda kuoga. Nikakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikatoka na kanga, sabuni na ndala. Alfajiri nilivaa gizani, tochi nimeizima nisiwaamshe wenzangu.

"Kilikuwa na shilingi ngapi?" wifi akauliza.

"Sijui. Sikumaliza kuhesabu."

Akanitazama. Yeye anaishi Hamburg, muuguzi, mtu wa ratiba. "Basi tufunge kadi. Namba ya benki?"

Namba ya benki imeandikwa nyuma ya kadi. Kadi iko kwenye kimfuko.

Akaitafuta kwenye simu yake akaipata, kidole kikabaki hewani. Hapo ndipo kulikuwa na mtihani. Nikifunga kadi zote mbili, halafu kimfuko kikapatikana bado kinaning'inia msumarini, nitabaki na plastiki mbili zisizo na kazi na kilomita 400 mbele yangu. Kadi mpya ningeipata Tanzania, si Calzadilla. Nisipofunga, kila dakika ni ya mwizi. Namba za siri zilikuwa kichwani mwangu tu, sikuziandika popote, hilo lilinipa nafuu kidogo. Lakini kadi za siku hizi unazigusisha tu.

"Hata ukizifunga, mimi nipo," akasema. "Nitalipa."

Najua alisema kwa wema. Ila kwetu wifi akikulipia chai ni utani; akikulipia kitanda na chakula wiki tatu, ni habari itakayosimuliwa hadi kwenye arobaini yangu.

"Nipe saa moja," nikamwambia. "Kaa na mabegi."

Nikageuka. Unapotembea kinyume kwenye njia ile unajulikana mara moja una matatizo. Tochi za kichwani zinakujia moja moja, kila anayezibeba anaanza kusema "Buen Camino," yaani njia njema, kisha anasita. Wawili waliniuliza kama nimepotea. Nikisema "fedha", wanashika mfuko wao kwanza.

Nilikuwa nimerudi kama kilomita mbili nilipoona mzee akija mbio mbio, ile ya kutembea si ya kukimbia, mkono mmoja umeukandamiza kifuani. Nilimjua: Mkorea aliyeimba jana jioni, macho ameyafumba, hadi sista akasahau kupiga gitaa. Aliponiona akasimama. Akaingiza mkono ndani ya koti, nikaona rangi ya chungwa ya kitenge changu.

Nikanyoosha mkono. Akarudi nyuma hatua moja.

Akaonyesha kitabu chake cha mihuri, kile ambacho kila hujaji hugongewa anapolala, kisha akaninyooshea kidole. Nikatoa changu. Akafungua zipu, akachomoa kadi, akaiweka kando ya jina langu, na kwa mwanga wa tochi akapita herufi moja moja, midomo ikicheza. Jina langu refu. Nilisimama kama mtoto anayesahihishiwa daftari. Alipofika mwisho ndipo akacheka, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Kisha akataka nihesabu mbele yake. Nilikataa, naona ni kumtukana; akakataa kuondoka. Yuro 430. Nikatoa 20 nimpe, akaficha mikono mgongoni.

Tulimkuta wifi amekaa juu ya mabegi, mbingu nyuma yetu imeanza kuwa nyekundu.

"Zote?"

"Zote."

"Lete kopo."

Tukagawa pale pale, juu ya begi, kiganja kimoja kikizuia noti zisipeperuke. Mia mbili zikarudi kwenye Vaseline. Nilipoichukua kadi ya pili niiweke humo, wifi akaninyang'anya, akaisukumiza ndani ya soksi yake. Kisha akafungua pochi, akatoa kadi yake moja ya Kijerumani, akanipa.

"Hiyo utalala nayo wewe," akasema. "Mpaka Santiago."

Sikubisha. Mzee alikuwa ameshatutangulia, na zilibaki kilomita 11.