Kompyuta mpya inawaka na kuzima: nilivyomtafuta mchawi kwa saa ya simu

Mpwa wangu anatengeneza kadi za harusi na mabango, na laptopu yake ilikuwa imechoka kabisa. Tukakubaliana nimuundie kompyuta ya mezani: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake kwa hiyo huhitaji kununua kadi ya picha, bodi mama ya B550 inayounganisha vipande vyote, ram (kumbukumbu ya muda) mbili za GB 8, diski ya SSD na pawa saplai ya wati 550. Vyote vipya kutoka Kariakoo, isipokuwa kasha. Kasha tulilipata kwa bei ya kutupwa kwenye intaneti kafe iliyokuwa inafunga. Lilijaa vumbi, lakini bati lake zito, si haya ya siku hizi yanayopinda ukiyakodolea macho.

Nikafunga kila kitu, nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ikawaka, mpwa wangu akapiga makofi. Makofi hayajaisha, mashine kimya.

Ushauri ukaanza kumiminika. Fundi niliyempigia simu alikata shauri bila hata kuiona: "Hiyo bodi imekufa, kaka. Irudishe ulikoinunua." Mwingine akasema pawa saplai ni ndogo. Jirani akataka tununue stabilaiza. Habari ya pawa saplai sikuikubali: prosesa hiyo imepangiwa wati 65, na ukijumlisha bodi, feni na diski bado unabaki mbali sana na wati 550. Umeme nao ulikuwa uleule unaoendesha friji na televisheni bila tatizo.

Kabla ya kugusa skrubu hata moja, nilifungua saa ya kupimia muda kwenye simu. Muda ambao mashine inakaa hai unasema mengi kuliko kelele za feni. Ikizima papo hapo, feni zimeshtuka tu bila kumaliza mzunguko, shuku shoti: pawa saplai inajikinga. Ikizima kisha ikajiwasha yenyewe, tena na tena, mara nyingi bodi inahangaika na ram. Ikikaa kwa muda usiotabirika, na ukiwasha tena ikiwa bado ya moto inazima mapema zaidi, angalia hitsinki, kile chuma cha kupooza, kama imekaa sawasawa juu ya prosesa. Yangu ilizima kwenye sekunde ya nne hivi, kila mara, na haikujiwasha. Joto halina nidhamu ya namna hiyo.

Nilikuwa na hisia fulani, ila hisia si ushahidi. Nikaitoa bodi kwenye kasha na kuilaza juu ya boksi lake la karatasi. Wakati huo huo nikakagua vile vinguzo vya shaba vinavyoinua bodi kutoka kwenye bati. Kasha la mitumba linaweza kuwa na kinguzo cha ziada kilichobaki kutoka kwa bodi ya zamani, kikagusa sehemu zilizolehemiwa nyuma ya bodi na kupiga shoti. Vyangu vilikuwa sawa.

Juu ya boksi niliacha vitu vichache tu: prosesa na feni yake, ram moja kwenye nafasi ya pili kutoka kwa prosesa, waya mkubwa wa pini 24, na ule wa pini 8 unaoingia karibu na prosesa, ambao wengi huusahau. Kuna wanaopenda kuiwasha pawa saplai peke yake kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Kipimo hicho kinakuonyesha kuwa inawaka tu, hakikuambii kama inahimili mzigo, kwa hiyo nikakiruka.

Bila kasha hakuna kitufe. Unagusisha zile pini mbili za kuwashia kwenye bodi, ambako waya wa kitufe huchomekwa, kwa ncha ya bisibisi, mara moja, unaondoa. Ikawaka. Sekunde nne zikapita, dakika zikapita, picha ikatokea kwenye skrini. Nikaongeza ram ya pili, nikaongeza diski, nikairudisha bodi ndani ya kasha, kila hatua nikiwasha kwa bisibisi. Haikutetereka. Nikachomeka waya wa kitufe cha kasha, nikabonyeza: sekunde nne, kimya.

Kila aliyewahi kukwama na kompyuta anaijua sheria hii: shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde nne na zaidi, itazima kwa nguvu. Bodi ilikuwa inatii. Nikaweka mita ya umeme kwenye kile kipimo cha mlio, kinacholia nyaya mbili zikiwa zimeungana, nikashika ncha mbili za waya wa kitufe, nikabonyeza na kuachia. Mita ikaendelea kulia muda mrefu baada ya kidole kuondoka. Tulipoufungua uso wa kasha tukakuta gundi ya kahawia imeganda pembeni mwa kitufe. Nadhani ni soda ya mteja fulani wa ile kafe.

Spiriti ilisafisha plastiki, lakini kiswichi chenyewe kilikuwa kimeshalewa sukari. Sikununua kingine. Kitufe cha kuanzisha upya ni kiswichi cha aina ileile, kinagusa na kuachia, na nyaya zake hazichagui upande. Nikachomoa waya wake, nikauweka kwenye pini za kuwashia, na ule wa kitufe kikubwa nikauacha unaning'inia, nimeufunga kwa selotepu. Tumepoteza njia ya kuanzisha upya kwa kitufe, jambo ambalo Windows inalifanya yenyewe kutoka kwenye menyu.

"Anko, sasa hiki kikubwa kina kazi gani?" mpwa wangu akauliza.

"Hakina. Bonyeza utakavyo."

Akakibonyeza mara kadhaa kuhakikisha, kisha akaniomba nimuwekee programu ya kuchorea, kwa sababu kuna bibi harusi alikuwa anasubiri kadi zake.