Nilivyozinenepesha seli za ng'ombe kwenye sahani

"Dada, mafuta tu? Nyama huitaki?" Ndivyo mchinjaji alivyoniuliza alfajiri ya kwanza nilipofika machinjioni. Nikamwambia, kaka, nikatie kipande cha mafuta ya figo kama kiberiti, kikiwa bado na joto. Nikakitumbukiza kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye antibiotiki, nikaifukia kwenye barafu na kudandia bodaboda.

Maabara nilikikatakata kwa mkasi mpaka kikawa kama uji, nikakiachia kolajenasi, kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzinyuzi zinazoshikilia seli, kwa nyuzi joto 37, kisha nikakizungusha kwenye sentrifuji. Wengi hukosea hapa. Seli za mafuta zilizokomaa huelea juu, zinang'aa kama mafuta ya mchuzi, na hizo ndizo za kumwaga. Unachokihitaji ni mashapo mekundu ya chini, maana humo ndimo zilimo seli changa ambazo hazijawa mafuta bado.

Kazi yangu ilikuwa kuizima PPARG, jeni inayoongoza seli changa kugeuka mafuta, nione kitakachotokea. Seli changa inapoanza kugeuka, jeni nyingine, CEBPB, huamka mapema na kuziamsha PPARG na mwenzake CEBPA. Hizo mbili zikishawaka, kila moja humchochea mwenzake, kisha huziwasha jeni za kubeba na kuhifadhi mafuta, kama FABP4.

Lakini utazimaje kisichowaka? Miezi minne seli zangu zilibaki nyembamba kama nyuzi. Nilikuwa nafuata mapishi ya seli za panya, yaani mchanganyiko wa kuziamsha wenye insulini, deksamethasoni na kemikali iitwayo IBMX. Niliulaumu umeme, nikaulaumu ute wa damu niliokuwa nazilishia. Siku moja nilipaka Oil Red O, rangi inayoyatia mafuta wekundu, nikaona wekundu, nikapiga kelele hadi watu wakaja. Kumbe ni chengachenga za rangi niliyosahau kuichuja. Aibu ile!

Daftari langu ndilo lililonisuta: seli zile nilikuwa nimezihamisha sahani mara nane. Seli changa za mafuta zikihamishwa sana hupoteza uwezo wa kugeuka. Halafu za ng'ombe zinahitaji msukumo zaidi ya za panya. Nikarudi kwa mchinjaji, nikaanza upya, nikazitumia zikiwa zimehamishwa mara mbili tu. Nilisubiri zijae sahani, nikazipumzisha siku mbili, ndipo nikazipa mapishi yale yale pamoja na rosiglitazoni, dawa ya kisukari inayoshika protini ya PPARG yenyewe na kuiamsha.

Siku ya nne hadubini ikanionyesha vitone vidogo vinavyometa pembeni mwa kiini. Kufika siku ya kumi, rangi (safari hii nimeichuja mara mbili) ilishika sahani nzima.

Sasa ndipo nikaweza kuzima. Siku moja kabla ya mapishi, sahani moja niliipa vipande vifupi vya RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) vinavyoilenga na kuizima PPARG, ya pili nikaipa vipande visivyolenga jeni yoyote. Ya pili iliwiva nyekundu. Ya kwanza ilikuwa na madoa machache tu, na nilipopima RNA ya seli zenyewe, ile ya FABP4 nayo ilikuwa imeshuka.

Sahani hata ziwe nyingi, za ng'ombe mmoja bado ni ng'ombe mmoja, kwa hiyo nimerudia kwa wa pili. Wa tatu ni Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri.