Ukili wa bibi

Ukindu, jani la mkindu, hausukwi mkavu, huvunjika penye mkunjo. Bibi huuchana nyuzi za upana mmoja, huunyunyizia maji, kisha huufunga ndani ya kanga iliyorowa mpaka ulainike. Maji yasizidi: ukindu uliolowa mno husinyaa ukikauka, na ukili, mkanda uliosukwa wa kuunda mkeka, ukaacha mianya. Wa rangi huzamishwa kabla ya kusukwa, maji ya rangi yakiwa yanatokota. Ukitolewa mapema hupauka.

Kusuka ni kazi ya barazani, alasiri, muhogo ukichemka jikoni na wajukuu wakitumwa hiki na kile. Mtihani hasa ni kushona. Ukili huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka. Uzi ukivutwa sana, mkeka hujikunja na haulali sakafuni hata ukiukalia.