Chaja ya betri ya trela la kambi: nilivyopata inayofaa

"Chaja yoyote ya volti 12 inachaji betri yoyote ya volti 12." Nimeambiwa hivyo kwenye gereji zaidi ya moja hapa Arusha, na ushauri huo umeniulia betri kavu ya AGM (iliyofungwa, maji yake ya asidi yamenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), ya Ah 100, yaani ampea-saa 100, iliyokuwa inabeba friji na taa za trela.

Chaja niliyoazima ilikuwa ile ya transfoma, ya betri za maji. Betri ikijaa, yenyewe haipunguzi, inaendelea kusukuma. Niliiacha inachaji usiku kucha. Asubuhi mita ilisoma volti 15.6 kwenye vichwa vya betri, ubavu haushikiki kwa joto, na plastiki imevimba mpaka betri ikakwama kwenye boksi lake. AGM ikizidishiwa chaji hupumua gesi kupitia vali zake; maji yanayopotea hivyo huwezi kuyarudisha.

Sasa natumia chaja ya hatua tatu yenye kitufe cha AGM. Inapanda mpaka volti 14.4 au 14.7, inashikilia hapo huku ampea zikishuka, kisha inateremka na kukaa 13.6. Ukubwa wa chaja, kwa ampea, ni asilimia 10 hadi 20 ya Ah za betri. Mimi nilichukua ya ampea 15, laki mbili na kitu. Betri iliyofika nusu (12.1 hivi ikiwa imetulia) huchukua saa sita, saba, na zile za mwisho hazikimbizwi. Soma pia kibao cha nyuma: chaja nyingi zilizotoka Marekani ni za volti 120, ukiichomeka kwenye umeme wa TANESCO imeungua hapo hapo.

Kilichonisumbua zaidi ni kuchaji njiani, kwa waya unaotoka kwenye betri ya gari. Natoka Arusha, nafika Karatu, betri haijapanda. Nikapima injini ikiwa inaunguruma: betri ya gari 14.2, ya trela 12.9. Mwizi alikuwa waya. Ulikuwa wa milimita 2.5 za mraba, mita saba kwenda na saba kurudi. Ampea 15 zikipita humo, volti 1.4 zinaishia njiani. Nikaweka waya wa shaba wa 16, sasa inapotea 0.2 tu. Fyuzi ya ampea 40 weka pande zote mbili, karibu kabisa na kila betri, maana waya ukichubuka na kugusa chasi, betri yoyote kati ya hizo inatosha kuuwasha moto.

Ukihamia lithiamu, chaja yenye hatua ya kufufua betri usiiguse: volti zake hupita 15, na saketi ya ulinzi ndani ya betri itakata.