Shuka isiyo na jina

Juzi tukifukiza mashuka ya harusi udi, mpwa wangu akaniuliza kama mambo ya kisarawanda, kitambaa cha kuonyesha ubikira wa bibi harusi, bado yapo. Nikamkumbuka marehemu shangazi, kungwi wa Kibokoni, Mombasa, na alasiri niliyomsomea "Ukurasa Mtupu" ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark. Ni hadithi ya uzeeni mwake, imo katika mkusanyo wa 1957, miaka mingi baada ya kuliacha shamba lake la kahawa Ngong.

Katika hadithi, masista Wakarmeli wa Ureno, watawa wa Kikatoliki, wanalima kitani na kufuma mashuka ya maharusi wa kifalme. Asubuhi baada ya usiku wa kwanza shuka huanikwa roshanini, ikatangazwa kwamba bibi harusi alikuwa bikira. Haifuliwi tena. Kipande cha katikati, chenye doa, hurudi kwa masista kikatiwa fremu, na chini yake kibao cha dhahabu chenye taji na jina la binti.

Shangazi alikuwa akitunga vikuba vya maua, hajashangaa bado. Nikafika kwenye fremu moja katikati ya safu: nzito kama nyingine, taji lipo, jina halipo, na kitambaa ni cheupe pembe hadi pembe. Mkono wake ukasimama juu ya asumini.

Wasomaji wengi hapa humwendea bibi harusi: alikataa? Alitoroka? Alikwisha kujuana na mwanamume? Wahakiki wameona uasi wa mwanamke. Shangazi akauliza, "Nani aliitundika?"

Nikarudi nyuma, nikasoma polepole. Kweli, bibi kizee anayeisimulia hadithi anawasifu wazazi wa kifalme walioamuru kitambaa kile kitiwe fremu na kutundikwa, ilhali wangeweza kukificha.

"Kuku wapo," shangazi akasema. "Mama yule hakuchinja."

Tangu hapo naisoma hadithi kwa kauli ile. Mapema kabisa msimulizi ameweka sharti: anayekuwa mwaminifu kwa hadithi hadi mwisho, kimya chake husema, anayeisaliti, kimya chake ni utupu tu. Damu ya kuku, ya kupakwa shuka ili kudanganya watu, ingekuwa usaliti huo, na fremu ile isingemsimamisha mtu.

Kibao ndicho kinachonisumbua. Shangazi alisema ni sitara: ukweli umewekwa wazi, mtoto wa watu kasitiriwa. Mimi huona pia kwamba wazazi huenda waliihifadhi shuka, binti wakamfuta. Blixen hakati shauri, na masista wenyewe, hadi mama mkuu wao, huzama katika mawazo mbele ya fremu ile. Mpwa wangu nimempa kitabu, aniambie yeye anaonaje.