Kanda ya mjomba na filamu iliyofungiwa kabatini

Jumapili usiku, Tororo

Jana jioni, umeme uliporudi, niliketi na binti yangu mwenye umri wa miaka 11 ili nimwonyeshe filamu niliyoipenda kuliko zote nilipokuwa na umri kama wake. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemsimulia habari za Star Wars, filamu ya Marekani ya vita vya angani, hasa habari za mfanyamagendo Han Solo, na nilimwahidi kwamba tukifika kwenye kile kilabu cha pombe atamwona akifyatua bastola chini ya meza kabla adui yake hajafanya lolote. Tukafika. Greedo, yule kiumbe wa kijani aliyetumwa kudai deni, akafyatua, na Solo naye akafyatua karibu wakati uleule, huku kichwa chake kikisogea pembeni kwa namna ambayo shingo ya binadamu haisogei. Binti yangu akanigeukia: "Baba, si ulisema alifyatua peke yake?" Sikuwa na jibu, na tangu hapo jambo hili halijanitoka moyoni.

Filamu hiyo niliiona mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kibanda cha video cha mjomba wangu huko Malaba, karibu na barabara ambako malori hupanga foleni ya kuvuka mpaka. Kilikuwa na mabenchi sita, kuta za maturubai, televisheni moja na deki moja, na vijei wetu alikaa kando na kipaza sauti akitafsiri kwa Kiswahili, kwa kuwa madereva wengi hawakujua Kiganda wala Kiteso. Alikuwa mtu asiyenyamaza. Hata watu wakilia kwenye filamu yeye aliongea. Lakini kwenye meza ile ya kilabu alikuwa akinyamaza kabisa, akangoja mlio wa bastola, akangoja moshi upande, ndipo akatamka maneno mawili tu: "Deni limelipwa!" Kibanda kizima kililipuka kwa kelele.

Malaba ni mji unaoyajua magendo. Waliokuwa wameketi pale walikuwa watu waliovusha, au waliozaliwa na waliovusha, kahawa na sukari usiku wa manane, na walimtambua Solo papo hapo: mtu anayedaiwa, asiyengoja kushambuliwa, asiyemjali yeyote isipokuwa chombo chake na roho yake. Ndiyo maana mwishoni, aliporudi kumwokoa rafiki yake Luke vitani ilhali tayari alikuwa na malipo yake na njia ya kuondoka, watu wazima walisimama kwenye mabenchi wakipiga makofi. Ukimfanya Solo kuwa mtu aliyejitetea tu, unamfupishia safari aliyoifanya hadi pale, na furaha ile ya kibandani inakosa sababu.

Mabadiliko hayo yalianza mwaka 1997, wakati George Lucas, aliyeitunga Star Wars, alipozirudisha sinemani filamu zake tatu za mfululizo huo, za mwaka 1977, 1980 na 1983, zikiwa zimeongezewa viumbe na majengo ya kuchorwa kwa kompyuta, na Greedo akiwa amepewa risasi ya kwanza. Akazibadilisha tena mwaka 2004, na tena mwaka 2011. Na toleo la mwaka 2019 likampa Greedo neno la kutamka kabla ya kufa. Muda wote huo filamu za awali zilikaa kabatini. Mara moja tu, mwaka 2006, zilitolewa kwenye DVD kama nyongeza, zikiwa zimenakiliwa kutoka matayarisho ya diski za leza za mwaka 1993, na picha yake ilikuwa hafifu kiasi cha kuwakera wale waliozingojea.

Simnyimi msanii haki ya kuirudia kazi yake. Lucas ameeleza mara nyingi kwamba filamu ya mwaka 1977 ilitoka kabla hajaridhika nayo, na kwamba fedha na mitambo ya wakati ule havikumtosha, namwamini. Kinachonisumbua ni kwamba mwaka 1988 mtu huyuhuyu alikwenda mbele ya Bunge la Marekani, wakati wa mjadala kuhusu filamu za rangi nyeusi na nyeupe zilizokuwa zikipakwa rangi, akawatetea watazamaji. Alisema kwamba kuharibu kazi za sanaa za taifa ni ushenzi, na akaonya kwamba siku zijazo mitambo itaweza kuziondoa sura za waigizaji na kuweka nyingine mpya. Kila nikiyasoma maneno hayo namkumbuka Sebastian Shaw, mzee aliyeigiza Anakin, yaani yule Darth Vader, asiye na kofia ya chuma katika filamu ya mwaka 1983. Alifariki mwaka 1994. Mwaka 2004 sura yake iliondolewa kwenye onyesho la mwisho la mizimu, na mahali pake ikawekwa sura ya kijana Hayden Christensen. Shaw hakuwepo kuulizwa.

Wala si kazi ya Shaw peke yake. Filamu ya kwanza ilipata tuzo za Oscar kwa uhariri wa Paul Hirsch, Marcia Lucas na Richard Chew, na kwa hila za picha zilizotengenezwa na kundi la akina John Dykstra kwa kutumia vyombo vidogo vya kuundwa kwa mkono. Mwaka 1989 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya kwanza kabisa ya filamu za kuhifadhiwa, yaani miaka 8 kabla ya Solo kubadilishwa tabia. Kwa hiyo kazi iliyotuzwa na kazi iliyoheshimiwa ndiyo hiyohiyo ambayo binti yangu hawezi kuipata akilipia kihalali.

Najua kuna atakayeniuliza kama vijei wetu naye hakuibadilisha filamu. Aliibadilisha, tena sana. Aliwapa wahusika majina ya watu wa sokoni na kuingiza bei ya dizeli kwenye vita vya angani. Lakini alipozima kipaza sauti, kanda ilibaki kama ilivyokuja, na mwenye kutaka kuiona bila sauti yake aliweza kuirudisha nyuma. Pale Wakaliga, Kampala, mambo yalikwenda vingine: filamu ya Nabwana I.G.G. ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, haipo tena katika hali yake ya kwanza, na dunia nzima inaitazama ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Naipenda sauti hiyo kwa moyo wote, lakini ningependa pia kuisikia filamu ikizungumza yenyewe. Studio ile ndogo, yenye kompyuta za kuungaunga, haikuwa na pa kuweka kila kitu. Kampuni ya Lucas, ambayo aliiuza kwa Disney mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4, ina maghala.

Nawashukuru mashabiki ambao hawakukubali kunyamaza. Wamekusanya saini kwa maelfu, wameandika barua, na wengine wametafuta mikanda ya filamu ya zamani ya milimita 35 iliyowahi kuonyeshwa sinemani, wakaisafisha na kuinakili fremu kwa fremu kwa gharama zao wenyewe. Juni 2025 nakala ya mwaka 1977 ilionyeshwa London katika tamasha la BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, na wenye filamu wametangaza kwamba mwaka 2027, itakapotimiza miaka 50, itarudi kwenye majumba ya sinema. Nilifurahi niliposoma hayo. Hata hivyo Tororo hatuna jumba la sinema, na ombi langu kwao ni dogo: waiweke ile ya kwanza kando ya hii mpya, mtazamaji achague.

Leo mchana nilimpigia simu mjomba, na baada ya kujuliana hali nikamuuliza juu ya kanda ile. Bado anayo, ndani ya sanduku la bati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alinikumbusha kwamba deki iliwahi kuitafuna, akaukata utepe kwa wembe na kuuunga kwa selotepu, na kiungo kiko pale Solo anapomrushia mhudumu wa kilabu sarafu na kutoka. Jumamosi nitaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini mwenye deki inayofanya kazi, na binti yangu amesema atakuja. Sarafu hataiona. Risasi ataiona, ikiwa moja.