Nilivyoiweza elarji, ugali wa jibini wa Samegrelo

Watu wa Samegrelo, magharibi mwa nchi ya Georgia, wana ugali wao mweupe wa mahindi unaoitwa ghomi. Zamani hilo lilikuwa jina la nafaka ya punje ndogo waliyokuwa wakiipika kabla mahindi hayajafika kutoka Amerika. Ghomi ikisongwa na jibini ndiyo elarji, na sikuiweza mpaka nilipoacha kuipika kama ugali wa sembe.

Inaanza na chenga za mahindi meupe. Unga laini unakuja baadaye. Kwa watu wanne natumia gramu 250 za chenga. Naziosha mara tatu au nne na kumwaga wishwa zinazoelea, maana zikibaki zinakwaruza ulimi. Natia lita moja na robo ya maji baridi kwenye sufuria nzito, nakoroga mpaka ichemke, kisha moto mdogo kwa dakika 40. Chenga ikipondeka vidoleni bila kiini kigumu, naongeza gramu 70 za unga kidogo kidogo na kusonga dakika 10 zaidi. Ukiumwaga wote kwa mkupuo, madonge yake hayatoki tena. Chumvi sitii kabisa, kwa kuwa jibini na mboga zinayo ya kutosha.

Jibini yake ni sulguni, tena changa. Nikiikosa natumia mozzarella kavukavu. Ile inayouzwa ndani ya maji hulegeza ugali. Gramu 500, vipande vyembamba, mafungu matatu, moto wa chini kabisa. Hapa mwiko haupondi: unapita chini, unainua, unakunja. Baada ya dakika tano hivi elarji inang'aa, inabanduka kwenye sufuria, na ukiinua mwiko inaufuata kama utepe mrefu mweupe usiokatika. Moto ukizidi, jibini inakaza kama mpira na mafuta yanajitenga juu. Ikishafika hapo hairudi.

Ipakue papo hapo kwa kijiko kilicholowa maji, kwa sababu ikipoa inaganda. Mwenzake ni kharcho ya Kimegreli, nyama ya ng'ombe kwenye rojo zito la jozi (walnut) zilizosagwa, pamoja na ajika nyekundu ya pilipili na kitunguu saumu. Kwa asiyekula nyama, bazhe, mchuzi baridi wa jozi, unatosha kabisa. Mimi hata naupenda zaidi.